Bob Hayes: Kasi ambayo saa haikuweza kuipima

Mwezi Oktoba mwaka 1964, Bob Hayes aliondoka Tokyo akiwa na medali mbili za dhahabu za Olimpiki na sifa ya kuwa binadamu mwenye mbio kuliko wote duniani. Mwaka uliofuata alikuwa tayari anacheza futiboli ya kulipwa mjini Dallas, katika jimbo la Texas, na katika muda mfupi timu pinzani zililazimika kufikiri upya namna ya kujilinda. Hata hivyo, alipofariki dunia mwaka 2002, Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo ulikuwa haujamfungulia mlango. Maisha yake yanasimulia tofauti iliyopo kati ya kasi inayopimwa kwa saa na kasi inayoamua mechi, na jinsi tofauti hiyo ilivyomcheleweshea heshima aliyostahili.

Kijana wa Jacksonville

Jina lake kamili lilikuwa Robert Lee Hayes. Alizaliwa Desemba 20, 1942, mjini Jacksonville, jimbo la Florida, kusini mashariki mwa Marekani. Hizo zilikuwa enzi ambazo sheria za majimbo ya kusini ziliwatenga raia weusi na weupe katika shule, hospitali, mabasi na hata viwanja vya michezo. Kijana mweusi mwenye kipaji alisoma katika shule ya weusi, akacheza dhidi ya shule za weusi, na ubingwa alioutwaa ulihesabiwa kuwa ubingwa wa weusi.

Hayes alisoma katika shule ya sekondari ya Matthew Gilbert. Mwaka 1958 timu ya futiboli ya shule hiyo ilishinda mechi zake zote 12 na kutawazwa kuwa bingwa wa shule za weusi za Florida. Katika kikosi hicho kilichosheheni vipaji, Hayes alikuwa mchezaji wa akiba. Jambo hilo linastahili kukumbukwa, kwa kuwa kijana aliyekuja kuwa mwenye mbio kuliko wote duniani hakupata nafasi ya kudumu katika timu ya shule yake kwa sababu ya mbio hizo peke yake.

Kutoka hapo alijiunga na Chuo Kikuu cha Florida A&M mjini Tallahassee, chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani weusi. Alipewa ufadhili kwa ajili ya futiboli, na kocha wake alikuwa Jake Gaither, mmoja wa makocha walioheshimiwa sana katika vyuo vya weusi. Riadha ilikuwa shughuli ya pili. Msimu wa mpira ulipomalizika, Hayes alivua kofia ngumu na mavazi ya kinga, akavaa viatu vya misumari na kuingia kwenye njia ya mbio.

Hakukimbia kwa namna iliyowapendeza walimu wa riadha. Vidole vyake vya miguu vilielekea ndani, mabega yalicheza huku na huku, na kifua chake kilikuwa kipana kuliko vya wapinzani wake wengi. Alikimbia kama mtu anayepenya katikati ya watu wanaotaka kumwangusha. Lakini saa hazikujali uzuri wa mwendo. Mwaka 1963, mjini St. Louis, alikimbia yadi 100, sawa na mita 91 na kidogo, kwa sekunde 9.1 na kuweka rekodi ya dunia. Mapema mwaka 1964 akawa mtu wa kwanza kukimbia yadi 60 ndani ya ukumbi kwa muda wa chini ya sekunde sita.

Tokyo, mwaka 1964

Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ilifanyika miezi michache tu baada ya Marekani kupitisha Sheria ya Haki za Kiraia iliyopiga marufuku ubaguzi katika maeneo ya umma. Kwa mataifa mengi ya Afrika yaliyokuwa yamejipatia uhuru karibuni, ilikuwa michezo ya kwanza chini ya bendera zao wenyewe. Bendera ya Kenya ilibebwa na Seraphino Antao, mkimbiaji wa mbio fupi kutoka Mombasa, ambaye miaka miwili kabla, mjini Perth, alikuwa ametwaa dhahabu za yadi 100 na yadi 220 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Katika Michezo hiyo ya Tokyo Wilson Kiprugut aliipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800.

Fainali ya mita 100 ilikimbiwa Oktoba 15. Hayes alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa. Viwanja vya wakati huo havikuwa na sakafu ya mpira kama ilivyo leo, bali vilimwagiwa makaa yaliyosagwa, na njia ya ndani ilikuwa imechimbuliwa na miguu ya washiriki wa mashindano ya kutembea kwa kasi. Inasimuliwa pia kwamba kiatu chake kimoja hakikuonekana alipofungua begi lake, akalazimika kuazima cha mwenzake katika timu. Pamoja na yote hayo alishinda kwa pengo la karibu mita mbili. Saa ya umeme ilisoma sekunde 10.06, na matokeo rasmi yakaandikwa sekunde 10.0, sawa na rekodi ya dunia. Enrique Figuerola wa Cuba alikuwa wa pili, na Harry Jerome wa Canada wa tatu.

Siku sita baadaye, katika fainali ya mbio za kupokezana vijiti za mita 100 mara nne, Hayes alifanya jambo ambalo wengi waliona kuwa kubwa zaidi. Alipopokea kijiti kama mkimbiaji wa mwisho, Marekani ilikuwa nyuma ya timu kadhaa. Aliwapita wapinzani wote na kufika akiwa wa kwanza kwa nafasi ya wazi, na timu yake ikaweka rekodi mpya ya dunia. Poland ilichukua fedha na Ufaransa shaba.

Waliojaribu kupima mbio zake za siku hiyo kwa mkono walipata majibu tofauti, kuanzia sekunde 8.5 hadi 8.9. Wote walikubaliana kwamba hawajapata kuona mtu akikimbia hivyo, ila hawakukubaliana juu ya namba. Mkimbiaji wa mwisho wa vijiti hupokea kijiti akiwa tayari mbioni, hivyo muda wake hauwezi kulinganishwa moja kwa moja na wa mtu anayeanza akiwa ameinama nyuma ya mstari. Tayari huko Tokyo palionekana dalili kwamba kasi ya Hayes iliyotisha zaidi ilikuwa ile iliyokuwa ngumu kupimwa: kasi ya kuwafukuza watu na kuwapita. Alistaafu riadha akiwa na umri wa miaka 21.

Mashaka juu ya wakimbiaji

Futiboli ya Marekani, ambayo mpira wake una umbo la yai na huchezwa kwa mikono zaidi kuliko kwa miguu, ina nafasi ya mchezaji anayeitwa mpokeaji. Kazi yake ni kukimbia mbele, kumtoroka mlinzi anayemkaba na kuudaka mpira unaorushwa na mrushaji mkuu wa timu. Ni nafasi inayoonekana kana kwamba iliundwa kwa ajili ya mkimbiaji wa mbio fupi, na kwa sababu hiyo timu nyingi zimejaribu kuchukua mabingwa wa riadha na kuwavalisha jezi.

Mara nyingi jaribio hilo halikufaulu. Frank Budd, ambaye rekodi yake ya dunia ya yadi 100 ndiyo iliyovunjwa na Hayes, alicheza katika ligi ya NFL kwa misimu miwili tu. Tommie Smith, bingwa wa Olimpiki wa mita 200 mwaka 1968 na mtu wa kwanza kushuka chini ya sekunde 20 katika mbio hizo kwa saa ya umeme, alidaka mpira mmoja tu katika futiboli ya kulipwa, akiwa na timu ya Cincinnati. Jim Hines, aliyeshinda mita 100 katika Olimpiki hiyohiyo ya Mexico kwa sekunde 9.95, alikwenda Miami na kudaka mipira miwili, kisha jina lake likapotea katika mchezo huo.

Kwa mujibu wa saa, Hines alikuwa na kasi kumzidi Hayes. Kwa mujibu wa uwanja wa futiboli, hawakaribiani hata kidogo, kwani Hayes alidaka mipira 371.

Timu ya Dallas Cowboys, iliyokuwa changa wakati huo, ilimchagua Hayes katika raundi ya saba ya uteuzi wa wachezaji wa vyuo, kabla hata hajakwenda Tokyo. Kuteuliwa katika raundi hiyo kunaonyesha kwamba timu nyingi hazikuwa tayari kumpa nafasi ya juu mtu aliyejulikana zaidi kwa mbio. Kocha wa Dallas, Tom Landry, alikuwa mtu wa hesabu na mpangilio, na aliona kwamba Hayes alikuwa mchezaji wa futiboli aliyejaliwa mbio kabla ya kuwa mwanariadha anayetafuta kazi nyingine.

Njia ya mbio na uwanja wa mpira

Tofauti kati ya aina hizo mbili za kasi inaeleweka mtu akifuatilia kinachotokea uwanjani. Mkimbiaji wa mita 100 anajua anakokwenda. Njia yake imechorwa kwa chokaa, hakuna anayeruhusiwa kumgusa, na hahitaji kutazama kitu kingine zaidi ya mstari wa mwisho. Wakimbiaji wengi hufikia kasi yao ya juu kabisa baada ya kupita mita 50, na ustadi wao upo katika kuipandisha kasi hiyo taratibu na kuichelewesha isishuke.

Mpokeaji wa futiboli hana anasa hiyo. Mara nyingi hatua zake haziwi nyingi kiasi cha kufikia kasi ya juu. Anakimbia mita 10 au 15, anageuka ghafla, anapunguza mwendo ili kumdanganya mlinzi, kisha anaongeza tena. Amevaa kofia ngumu na kinga za mabega, juu ya nyasi ambazo pengine zimelowa au zimeganda kwa barafu. Lazima akumbuke ni njia gani aliyopangiwa, asome anavyosimama mlinzi, ageuze kichwa autafute mpira angani bila kupoteza mwendo, audake, na aushikilie wakati mtu wa kilo 90 anamgonga mbavuni.

Siku hizi wachezaji wanaotaka kuingia NFL hupimwa mbio za yadi 40, sawa na mita 36.6, na sehemu ndogo ya sekunde inaweza kumpandisha au kumshusha mchezaji katika uteuzi. Kipimo hicho kinasema jambo la kweli kuhusu misuli, lakini hakisemi lolote kuhusu macho, mikono na ujasiri. Kutangulia si kufika, na wapo wengi waliotangulia katika kipimo hicho wasifike popote katika mchezo wenyewe.

Kulikuwa pia na suala la sheria. Wakati wa Hayes, walinzi waliruhusiwa kumsukuma na kumgonga mpokeaji umbali mrefu ilimradi mpira haujarushwa. Sheria inayozuia kumgusa mpokeaji akishapita yadi tano ilikuja mwaka 1978, Hayes akiwa ameshatoka ligini. Mkimbiaji mwepisi aliyezoea njia yake peke yake angeangushwa kabla hajapata mwendo. Hayes alikuwa na mwili wa mchezaji wa futiboli. Ule mwendo wa mabega uliowakera walimu wa riadha ndio uliomfanya asiyumbe alipogongwa, na ile nguvu ya miguu iliyomtoa kwenye njia iliyochimbuliwa ya Tokyo ndiyo iliyomtoa kwenye mikono ya walinzi.

Misimu iliyowashtua walinzi

Matokeo yalionekana mara moja. Katika msimu wake wa kwanza, mwaka 1965, Hayes alidaka mipira 46 na kusonga nayo jumla ya yadi 1,003. Mara 12 alidaka mpira na kuufikisha katika eneo la mwisho la wapinzani, kitendo kinachoitwa tachidauni na ambacho huipa timu alama sita. Hakuna mpokeaji wa NFL aliyemzidi kwa tachidauni mwaka huo. Mwaka uliofuata alidaka mipira 64, akapata yadi 1,232 na tachidauni 13.

Novemba 13, 1966, dhidi ya Washington, alidaka mipira tisa na kupata yadi 246, yaani zaidi ya mita 220 katika mechi moja. Mpira mmoja kutoka kwa mrushaji Don Meredith ulizaa tachidauni ya yadi 95, karibu urefu wote wa uwanja. Rekodi hiyo ya yadi katika mechi moja ilidumu katika klabu ya Dallas hadi mwaka 2009.

Hadi wakati huo timu nyingi zilitegemea zaidi ulinzi wa mtu kwa mtu, kila mlinzi akikabidhiwa mpokeaji wake na kumfuata kokote. Dhidi ya Hayes mpango huo ulivunjika. Mlinzi aliyesimama karibu naye aliachwa nyuma baada ya hatua chache. Aliyesimama mbali alimwachia nafasi ya kudaka mpira mfupi kisha kugeuka na kukimbia. Hakukuwa na mtu mmoja, katika ligi nzima, aliyeweza kukabidhiwa kazi ya kumkaba na akaifanya peke yake kwa mechi nzima.

Timu zikaanza kutumia zaidi ulinzi wa eneo, ambapo kila mlinzi hulinda sehemu ya uwanja badala ya kumfuata mtu. Mara nyingi Hayes alipewa walinzi wawili, mmoja mbele yake wa kumchelewesha na mwingine nyuma kabisa wa kumzuia asipenye. Mbinu hizo zilikuwapo kabla yake kwa namna moja au nyingine, lakini wachambuzi wengi wa mchezo huo wanakubaliana kwamba hofu ya kasi yake ndiyo iliyozifanya zienee na kukomaa. Leo hakuna timu ya NFL isiyotumia ulinzi wa eneo.

Hapa ndipo ulipo utata wa maisha yake ya mchezo. Kadiri walinzi walivyozidi kumwogopa, ndivyo mipira aliyodaka ilivyopungua. Mwaka 1970 alidaka mipira 34 tu, lakini kila mmoja ulizaa wastani wa yadi 26.1, wastani wa juu kabisa katika ligi. Walinzi wawili waliomfuata yeye walikuwa wameacha nafasi kwa wenzake, na wenzake waliitumia. Faida hiyo haikuandikwa popote kwa jina lake. Daftari la takwimu huhesabu mpira uliodakwa. Halina safu ya kuandika hofu aliyoisababisha mchezaji ambaye hakurushiwa mpira.

Mikono iliyomsaliti

Kasi yake ilikuwa na mipaka, na siku moja ilidhihirika mbele ya taifa zima. Desemba 31, 1967, Dallas ilicheza fainali ya ligi dhidi ya Green Bay katika jimbo la kaskazini la Wisconsin, kwenye baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri katika kipimo cha selsiasi. Nyasi ziligeuka barafu. Hayes, mtoto wa Florida, aliingiza mikono yake katika suruali ili kuipasha joto kila alipojua kwamba mpira hautamjia. Pale mpira ulipopangwa kumjia, aliitoa.

Walinzi wa Green Bay waliligundua hilo. Mikono ikiwa ndani, walimpuuza na kwenda kusaidia kwingine, na ikiwa nje walijiandaa. Siku hiyo alidaka mipira mitatu kwa jumla ya yadi 16 tu, na Dallas ikafungwa alama 21 kwa 17 katika sekunde za mwisho. Miguu iliyoishinda dunia huko Tokyo haikufua dafu, kwa kuwa mpinzani alijua kabla ni lini itakimbia. Katika njia ya mbio, kila mtu anajua mkimbiaji ataondoka lini na wapi atakwenda, na hilo halimdhuru. Katika futiboli, kasi inayotabirika ni kasi iliyokwisha kushindwa nusu.

Hayes hakuvunjika moyo. Mwaka uliofuata, 1968, aliongoza ligi katika kurudisha mipira iliyopigwa teke na wapinzani, akiwa na wastani wa yadi 20.8 kila alipoupokea. Kazi hiyo humkutanisha mchezaji na watu 11 wanaomjia kwa kasi, na hapo hakuna mlinzi wa ziada anayeweza kuwekwa mapema.

Pete, kisha giza

Mwezi Januari mwaka 1971 Dallas ilifika fainali ya Super Bowl na kufungwa na Baltimore alama 16 kwa 13. Mwaka mmoja baadaye, Januari 16, 1972, mjini New Orleans, iliishinda Miami alama 24 kwa 3. Hayes alidaka mipira miwili tu siku hiyo, lakini alikuwa ameandika historia: mtu wa kwanza kuwa na medali ya dhahabu ya Olimpiki na pete ya ubingwa wa Super Bowl.

Mteremko ulianza mara baada ya kilele hicho. Katika msimu wa 1972 alidaka mipira 15 bila tachidauni hata moja. Mwaka 1975 alihamia San Francisco, akadaka mipira sita, na huo ukawa mwisho. Kwa jumla alimaliza akiwa na mipira 371, yadi 7,414 na tachidauni 71 za kudaka. Wastani wake wa yadi 20 kwa kila mpira ni wa nadra kabisa kwa mtu aliyecheza miaka 11.

Maisha nje ya uwanja yalimwelemea. Alitumbukia katika ulevi na dawa za kulevya. Mwaka 1978 alikamatwa katika jimbo la Texas kwa kosa la kuwauzia dawa hizo maafisa wa polisi waliokuwa wamejificha sura zao, na mwaka 1979, baada ya kukiri kosa, alihukumiwa kifungo cha miaka mitano. Alikaa gerezani miezi kumi kabla ya kuachiliwa. Mtu aliyekuwa akishangiliwa na maelfu alirudi mtaani akiwa na jina lililochafuka na afya iliyoanza kudhoofika.

Hukumu ya mahakama ilikuwa na kikomo, ila ile ya kumbukumbu za watu ilikuwa ndefu zaidi. Ulimwengu wa riadha ulikuwa umekwisha kumwingiza katika ukumbi wake wa heshima nchini Marekani mwaka 1976, kabla ya masaibu hayo, na kazi hiyo haikuwa ngumu: dhahabu mbili na sekunde zilizoandikwa hazihitaji mjadala. Futiboli ilikuwa na mashaka. Wapo waliotazama gereza. Wapo waliotazama idadi ya mipira aliyodaka na kuilinganisha na ya wapokeaji wa kizazi kilichofuata, waliocheza chini ya sheria zilizowalinda zaidi. Miaka ikapita bila jina lake kuitwa.

Heshima iliyofika kwa kuchelewa

Mwezi Septemba mwaka 2001 klabu ya Dallas iliandika jina lake miongoni mwa wachache wanaoenziwa katika uwanja wake. Hayes alikuwapo, akiwa tayari mgonjwa. Alikuwa amepambana na saratani ya tezi dume na maradhi ya ini, na mwisho figo zake zikashindwa kufanya kazi. Alifariki dunia Septemba 18, 2002, mjini Jacksonville alikozaliwa, akiwa na umri wa miaka 59.

Mwaka 2004 jina lake lilifikishwa mbele ya wapiga kura wa Ukumbi wa Mashujaa wa futiboli ya kulipwa, ulioko mjini Canton, jimbo la Ohio, na likakataliwa. Mwandishi wa habari za michezo Paul Zimmerman, aliyekuwa katika kamati inayopendekeza wachezaji wa zamani, alijiuzulu kwa kupinga uamuzi huo. Miaka mitano baadaye, Januari 2009, kura zilitosha. Agosti ya mwaka huo Hayes aliingizwa rasmi katika ukumbi huo, miaka saba baada ya kufa na miaka 33 baada ya riadha kumpa heshima yake.

Pengo hilo la miaka 33 halikutokana na gereza peke yake. Mchango wake kwa riadha ulikuwa na namba iliyosomeka wazi, sekunde 10.06, na namba hiyo ilipitwa miaka minne tu baadaye. Mchango wake kwa futiboli haukuwa na namba ya aina hiyo. Ulikuwa katika namna walinzi walivyojipanga upya uwanjani, katika nafasi walizopata wenzake, na katika mipira ambayo warushaji wa timu yake hawakumrushia kwa sababu watu wawili walikuwa wamemzunguka. Waliompigia kura walilazimika kwanza kujifunza kukisoma kitu ambacho daftari halikukiandika.

Tangu wakati wake rekodi ya mita 100 imevunjwa mara nyingi, na kila mwaka vijana wa vyuo vya Marekani wanaendelea kukimbia yadi 40 mbele ya watu wenye saa mkononi. Baadhi yao wanakuwa wapokeaji hodari, na wengine, wenye sekunde nzuri zaidi, wanarudi nyumbani. Walinzi wa NFL bado wanajipanga kwa maeneo, mmoja mbele na mmoja nyuma, kila wanapokutana na mpokeaji wasiyeweza kumkaba mmoja mmoja, kama walivyolazimika kufanya mbele ya Hayes.